Jicho Lililobaki Kwenye Gitaa

Saa moja asubuhi Kucha alifungua karakana ya baba yake akakuta ndege kang'olewa. Gitaa lilikuwa pale pale mezani, vanishi inameta, ila kichwani, alipopachika ndege aliyemkata kwa mkono kutoka gamba la chaza, palibaki shimo lenye umbo la mbawa. Kilichosalia ni jicho, tone jeusi la gamba alilolizamisha ndani zaidi kuliko mwili wa ndege. Akanusa. Gundi imeungua, mtu kapasha kisu moto. Akalifunika gitaa kwa koti lake, akamwita baba.

"Ndege kaibwa. Usifunue mpaka wote wafike."

Mzee akakaa. Saa sita mwanamuziki aliyeagiza gitaa angefika.

Kaka yake Kucha akaingia, kidole gumba kimefungwa kitambaa, akaambiwa ndege kaibwa. Hakuuliza hata swali moja, akamnyooshea Kucha kidole.

"Ni huyu! Jana si alipiga kelele anataka jina lake ndani ya gitaa? Kamng'oa ndege, kaacha jicho tu litukodolee! Baba, mfukuze."

"Kama ni wewe, binti yangu," mzee akasema, "leo unaniachia funguo na meza yako."

"Siachi kitu!" Kucha akasema. Meza ile ndiyo ilikuwa maisha yake. Akamgeukia fundi wa vanishi, aliyekuwa mlangoni.

"Jana ulipasha kisu moto humu?"

"Dada, moto karibu na vanishi mbichi? Si ningekuwa majivu saa hizi! Saa kumi na mbili jioni nilimwachia kaka yako funguo, nikaenda zangu."

Kucha akamkabili kaka yake.

"Kidole kimefanyaje?"

"Chai imeniunguza."

"Pole. Na jicho uliliona saa ngapi?"

"Jicho gani?"

"Lile ulilosema nimeliacha. Koti halijafunuliwa, kaka. Hata baba hajaliona."

Mzee akanyanyuka, akafunua mwenyewe. Jicho lilikuwa palepale, likiwatazama wote.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu iliishia kwenye meza ya dada yake.

"Mteja anataka kumwona mkataji akikata," kaka akasema. "Nilishamwambia mkataji ni mimi. Mimi! Msumeno ule mwembamba nikiushika tu unakatika. Nikaona ndege akipotea na wewe ukifukuzwa, agizo litavunjika, na hakuna atakayenitaka nikate. Vipande nimevitupa chooni."

"Tuyamalize humu ndani, mwanangu," mzee akamsihi Kucha. "Mteja asijue. Damu nzito kuliko maji."

"Asubuhi hii damu hiyo ulikuwa unaitupa nje, baba."



Saa sita mwanamuziki akaingia, akaona shimo, akaguna. "Kulikoni? Mkataji yuko wapi?"

"Mimi hapa." Kucha alikuwa ameshakaa, msumeno mkononi. "Kaka yangu alikudanganya, akamng'oa ndege wangu kuuficha uongo. Namkata mwingine mbele ya macho yako, na jina langu litakaa ndani. Kama hutaki, mlango ule pale."

Mwanamuziki akamtazama mzee. Mzee akaisogeza taa karibu na mikono ya bintiye.

"Ni yeye," akasema. "Siku zote alikuwa yeye."

Mwanamuziki akavuta kiti. "Na hilo jicho utaling'oa?"

"Thubutu!" Kucha akasema. "Hilo ndilo shahidi wangu. Ndege mpya atakaa kulizunguka."

Akaanza kukata.