Mdundo wa Marehemu

Walikutana kwenye foleni ya dirisha la dawa, watu wamebanana, na mwanamke akammwagia mwanamume chai shati zima.

"Dada, si ungeniomba namba tu?"

Wiki iliyofuata mwanamume aliingia chumba cha vipimo, na fundi wa vipimo vya moyo akawa ni yuleyule mwanamke wa chai. Walicheka sana.

Mwanamume alikuwa amewekewa kifuani kifaa kipya cha kuendesha mapigo. Kilisoma umeme wa moyo na kujirekebisha: mwenyewe akipanda ngazi kiongeze kasi, akilala kipunguze. Lakini kilianza na mdundo wa mtu wa mfano, mpaka fundi apime umeme wa mgonjwa na kuufuta ule wa kwanza. Mtu wa mfano alikuwa mume wa fundi huyu, aliyejitolea kupimwa kabla hajafariki.

Mwanamke alisikiliza kile kifua, akausikia mdundo aliouzoea kitandani. Akashindwa kuufuta.

"Tutapima siku nyingine," alisema.

Siku nyingine haikufika. Mapenzi ndiyo yaliyofika. Jioni, amevaa gauni lake la zambarau, alilaza kichwa kifuani pale na kufumba macho.

"Mpenzi, kwani uso wangu una kasoro gani?"

"Nyamaza, laazizi. Nasikiliza."

Mwanamume akaanza kuhema kwenye ngazi. Daktari akamweleza kuwa mdundo wa mfano haukuwahi kufutwa, naye akampigia mwanamke simu.

"Huu mdundo ni wa nani?"

"Wa mume wangu."

"Kumbe jioni zote zile ulikuwa naye!"

Akakata.

Tangu hapo mwanamke aliusikia kila mahali: kwenye friji, kwenye bomba linalovuja, ndani ya mto. Aliogopa nyumba yake mwenyewe. Aliogopa zaidi kwamba amemhatarisha mtu anayempenda.

Asubuhi moja mlango wa chumba cha vipimo ukafunguliwa.

"Wamenipa fundi mwingine, nimemkataa," mwanamume alisema akivua shati. "Nakupenda, we mwanamke. Ila siwezi kuwa kaburi la mtu."

Mwanamke akambandika nyaya. Mistari ikapita kwenye skrini, mingine mirefu, mingine imechelewa. Kidole chake kikasimama juu ya kitufe cha kufuta, machozi yakamtiririka bila yeye kuyaficha.

"Kwaheri, mume wangu."

Akabonyeza. Kisha akainama, akaweka sikio kifuani.

"Unamsikia nani?"

"Mgeni," alijibu. "Simjui kabisa."

"Basi mkaribishe."