Aliyeitikia Hodi ya Kwenye Simu

Sogea hapa barazani kwako, ukae. Simu yako izime kwanza. Usiiweke kimya tu... izime kabisa.

Mie Sabri, wa Kikwajuni. Skuli niliiachia fomu ya pili, kwa hivyo usitarajie maneno ya kitabuni. Ntakwambia kama yalivyokuwa.

Dadangu Thuwaiba alikuwa na ugonjwa mmoja: hadithi za mapenzi. Zile za mji mdogo, kila mtu anamjua mwenzake, mara anatokea kijana mgeni, mzuri, kimya kimya. Msichana anampenda. Huku watu wananong'ona kuwa kijana huyo kaua. Kaua kweli? Hakuua? Hapo ndo utamu.

Kwenye grupu lao la wasap, la wanawake wa mtaani, kulikuwa na mtu akizituma kwa sauti, kila magharibi ikiadhiniwa. Nani kamuingiza? Kila mmoja akidhani kamuingiza mwenziwe. Sauti nzito, ya pole, kama anakuzungumzia sikioni wewe peke yako. Bi Duni, jirani yetu, mtu mzima keshahiji, alikuwa anaacha mchuzi jikoni akimbilie simu.

"We Sabri, umejibanza hapo unasikiliza nini? Hizi si hadithi za wanawake?"

"Nasubiri mchuzi wako uungue, Bi Duni, nije nikwangue sufuria."

Wakacheka.

Kisha mji wa kwenye hadithi ukaanza kufanana na kwetu. Mlango wa buluu, kama wetu. Ngazi iliyomeguka, kama yetu. Wanawake wakafurahi! "Mtunzi wa hapahapa huyu, shoga!"

Thuwaiba hakucheka. Akawa kila jioni anajifukiza udi, anavaa nguo ya kutokea, halafu hatoki. Anakaa na simu tu.

"Hakuua yule," akanambia. "Mie namjua."

"Unamjua wapi, dada? Sauti tu ile."

"Mtoto wewe. Utajuaje."

Jioni moja mama kanituma mkate wa boflo dukani kwa Ayoub. Narudi, adhana inamalizika, taa hazijawashwa. Nafika mlangoni mwa chumba cha dada, nasikia hadithi inakwenda. Kijana mgeni kafika nyumbani kwa msichana.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi."

Kwetu unapajua. Hodi tatu, usipoitikiwa unageuka unakwenda zako. Na sisi wenye nyumba tumelelewa hatuachi hodi ikaning'inia. Mdomo unaitikia wenyewe.

"Hodi."

"Karibu," dadangu akasema.

Akaiitikia simu.

Harufu ikanipiga puani. Udi... na chini yake kama kisima cha zamani kimefunuliwa. Nikausukuma mlango.

Simu kitandani. Mto bado umebonyea pale alipolaza kichwa. Dirisha lina nondo.

Hayupo.

Tumekwenda polisi, hospitali, Mwanakwerekwe kwa shangazi. Shehe kasoma, maji ya kombe ya aya tumenyunyiza kila kona. Hakuna.

Magharibi iliyofuata, hadithi ikaingia kwenye simu ile ile ya dada tu, za wengine grupuni hazikupokea kitu. Nikaifungua. Msichana kaolewa kwa siri na yule mgeni. Yumo kwenye chumba kisicho na dirisha. Msichana akauliza:

"Mbona pana baridi hivi?"

Ilikuwa sauti ya Thuwaiba.

Mama alianguka pale pale.

Basi kila nikifungua, tunamsikia kidogo. Yu hai! Lakini kila nikifungua, hadithi nayo inasogea. Jana kavuta sanduku chini ya kitanda, kakuta kanga za wanawake wengine. Zimerowa. Akanong'ona...

"Sabri... usisikilize tena."

Na ile sauti ya pole ikaja nyuma yake:

"Unazungumza na nani, mke wangu?"

Ikakatika.

Leo imeingia nyengine. Ndefu kuliko zote. Sijaigusa. Nisipoifungua, labda hadithi inasimama, na yeye anabaki mle ndani na baridi yake, mume kasimama mgongoni. Nikiifungua, ama anatoroka, ama...

Mama kanishika miguu. "Fungua, baba. Nimsikie mwanangu tu."

Uani wamejaa wanawake wa mtaa mzima. Nilidhani wamekuja kutupa pole. Bi Duni akanivuta shati, macho yanamng'ara, mdomo umemkauka.

"Fungua basi, Sabri," akaninong'oneza. "Anampenda kweli... au atamuua?"

Wengine wote wanasubiri. Hakuna hata mmoja aliyemtaja dadangu kwa jina.

Ndo nikatoka nikaja hapa kwako. Simu yake hii hapa, ya moto mkononi kama mtu ana homa. Dada kasema nisisikilize. Mama atakufa asipomsikia.

Ingekuwa dadako wewe... ungeifungua?