Vema Nne za Uongo

Kila siku akitoka shule, Izza alipitia chumba cha vitabu cha ukoo wao mjini Beni Isgen, kusini mwa Aljeria. Humo Shangazi Setti alipiga picha kurasa za vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, na kompyuta ikatuma nakala zake mji mkuu, mwendo wa siku nzima kwa basi. Hata mchwa au mafuriko yangekuja, maandishi yangebaki. Kazi ya Izza ilikuwa kungoja nakala zifike, kisha kuweka alama ya vema daftarini. Kila Alhamisi shangazi alitazama vema hizo, akafuta picha kwenye kompyuta kupisha nyingine.

Baba, kama wanaume wengi wa mji ule, alikuwa na duka kaskazini, mjini Wahrani. Tangu majira ya baridi mama naye alikuwa huko na Yunus, mdogo wake Izza, mtoto mchanga aliyekuwa akitibiwa moyo. Shangazi alipenda vitabu kuliko mazungumzo. Izza alikula tende peke yake, akapanda darini peke yake.

Mtandao wao ulikuwa wa mwendo wa kobe. Nakala zikisafiri, Izza alipompigia baba simu ya video, uso wake uliganda na sauti ikakatika. Kwa hiyo Izza alisimamisha utumaji. "Dakika kumi tu," alijiambia. Dakika kumi zikawa saa nzima, na kesho yake nakala zikaanza upya tangu picha ya kwanza. Kuanzia Jumapili hadi Jumatano hazikufika. Daftarini aliweka vema nne.

Alhamisi, mzee Ba Sliman alikuja kuchukua kitabu cha babu zake kuhusu kugawana maji ya kumwagilia mitende, alichokuwa amekileta kinakiliwe wiki ile.

"Kurasa zinapukutika," alisema. "Sikifungui tena mpaka nife."

"Ondoa shaka, mzee wangu. Nakala ziko salama," alijibu shangazi, akaketi kuzifuta picha.

Izza alizitazama vema zake nne daftarini. Akinyamaza, kitabu kimepotea. Akisema, je?

"Shangazi, usifute!"

"We mtoto, umenishtua! Kuna nini?"

"Hazijafika. Hata moja. Nilikuwa nazisimamisha ili nimwone baba." Akaangua kilio.

"Siku nne, Izza! Na vema umeweka!" Shangazi alilifunga daftari kwa kishindo. "Kwa nini hukuniambia umewakumbuka hivyo?"

"Wewe huongei, Shangazi."

Ba Sliman alikohoa, akatazama pembeni. Shangazi aliinamisha kichwa.

"Hilo kosa langu," alisema. "La daftari ni lako."

Alimpigia simu Bakir, fundi wa kompyuta aliyepokea nakala kule mji mkuu. Bakir alicheka.

"Izza, ukimwandikia mtu barua ya kurasa mia, naye ameshapata tisini, utamtumia ngapi?"

"Kumi tu."

"Basi tuzikate picha vipande vidogo, tuzibane ziwe nyepesi. Mashine ziulizane kipi hakijafika, hicho ndicho kisafiri. Ukisimamisha, kesho kazi inaendelea ilipoishia."

Jumamosi alasiri zote zilifika. Safari hii Izza hakushika kalamu mpaka Bakir alipofungua ukurasa wa mwisho kule kwake na kuusoma kwenye simu. Mwandishi wa kale alikuwa ameomba: atakayeona kosa langu, na alisahihishe.

Izza alizikata kwa mstari vema nne za uongo, akaweka moja ya kweli.

"Nakala isiyofika si nakala, mwanangu," alisema shangazi. "Vema ya uongo ingemnyima mzee Ba Sliman kitabu cha babu zake. Kosa likisemwa mapema hurekebishika. Na ukiwa mpweke, sema pia."

Simu ikalia. Yunus alikuwa bado hospitalini, na Wahrani ilikuwa mbali vilevile. Shangazi alifunika kitabu alichokuwa akikisoma, akavuta kiti chake karibu na Izza, na wote wawili wakamsalimu baba.