Waya wa Taa za Breki

Rafiki yangu mmoja ni fundi umeme wa magari, na siku hizi hagusi buti la gari hata umbembeleze vipi.

Shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa na gari kuukuu lililomsumbua taa za breki. Fundi akifunga waya mpya, haupiti muda unakatika tena, palepale ndani ya buti.

"Ni panya tu, shemeji," fundi akamwambia.

"Panya gani huyo asiyegusa kingine chochote?"

Mchana mmoja fundi akajikunja mzimamzima ndani ya buti na tochi yake, huku shemeji akikanyaga breki. Ghafla kifuniko kikajibamiza na tochi ikazima. Katika giza lile akasikia mtu anahema karibu na sikio lake, kisha meno yakisaga waya. Akanyoosha mkono, akashika nywele.

Hapo kipigo kikaanza. Alipigwa mateke ya mbavu, akaparurwa uso, akang'atwa mkono mpaka akapiga ukelele. Naye akatupa ngumi ovyo, gari zima likitikisika.

Shemeji alipovunja kitasa cha buti kwa mtaimbo, alimkuta fundi peke yake, damu zinamchuruzika.

Kule zahanati, muuguzi alisafisha jeraha la mkono, akachomoa kitu cheupe kilichonasa ndani ya nyama, akakisogeza kwenye mwanga.

"Kaka, una mtoto mdogo nyumbani?"

"Sina. Kwa nini?"

"Hili ni jino la utoto."