Barua Iliyobandikwa Ukutani

Katika kisiwa cha Pender, pwani ya Karolina ya Kusini, Marekani, hakuna mtu aachaye ukuta ukiwa mtupu kando ya mlango wa chumba cha kulala. Sharti pabandikwe karatasi yenye maandishi. Sababu yake kila mtoto anaijua. Mzuka ukiingia nyumbani, hauwezi kumfikia aliyelala kabla haujasoma kila neno lililo ukutani. Hauruki hata nukta. Kwa hiyo watu wa Pender hubandika magazeti, kalenda za zamani na matangazo ya kanisa. Maneno yakiwa madogo na mengi, usingizi huwa mtamu zaidi.

Bina Chisolm alilelewa katika desturi hiyo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Aliishi na Hepsiba, dada ya marehemu baba yake, katika nyumba ya mbao yenye milango ya buluu. Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, ng'ambo ya daraja. Aliwaogesha, aliwalisha na kuwageuza kitandani. Alifanya kazi usiku na kulala mchana. Haja yake ilikuwa moja tu: kusomea uuguzi na kuwa muuguzi kamili, mwenye leseni.

Mwezi wa Novemba alipata barua kutoka chuo cha jamii cha wilaya yao. Aliifungua akiwa bado amesimama mlangoni.

"Shangazi! Nimepata!"

"Umepata nini? Usinipigie kelele, wali wangu utaungua."

"Nimekubaliwa! Sikiliza: 'Tunafurahi kukuarifu kwamba umekubaliwa kujiunga na chuo chetu, katika masomo ya maandalizi ya uuguzi.'"

Shangazi Hepsiba aliweka mwiko chini. "Na huko chini wamesema nini?"

"Huko chini ni maneno ya ofisi tu. Unawajua watu wa ofisi. Wakianza kuandika hawajui kunyamaza."

"Karatasi ngapi?"

"Tatu."

Shangazi alizishika, akazisogeza karibu na macho. Hakujua kusoma, lakini wingi wa maneno aliuona. "Tazama yalivyo madogo! Mzuka utapofuka kwa haya. Nipe, mwanangu. Ukuta wa mlangoni kwako umechanika."

Siku hiyo hiyo alipika gundi ya unga wa ngano, akazibandika karatasi zote tatu katika ujia, kando ya mlango wa Bina. Jumapili mchungaji alimsimamisha Bina kanisani. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akapaza sauti, "Muuguzi wetu, ukija kunichoma sindano, ukumbuke kwamba ni mimi niliyekupa kamba wa bure!" Kanisa zima likacheka. Bina alicheka nao. Alikuwa amesoma mstari mmoja wa barua ile, akaamini kwamba amesoma barua.

Ilipofika katikati ya Januari, ukungu ulipanda kutoka kwenye majani ya pwani ukakaa kisiwani siku nyingi. Mchana ulikuwa mweupe, na hakuna kilichoonekana ng'ambo ya ua. Siku moja, saa sita mchana, Bina aliamka ghafla. Mtu alikuwa akisema nje ya mlango wake.

Sauti ilikuwa ya chini, nzito, ya kusitasita. Ilitamka kila neno peke yake, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe.

"Tu-na-fu-ra-hi... ku-ku-a-ri-fu..."

Nywele zilimsimama. "Shangazi?" aliita.

Sauti ilinyamaza. Bina alifungua mlango. Ujia ulikuwa mtupu. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, na ukungu ulikuwa umekaa juu ya kioo cha dirisha kama pumzi ya mtu. Alimkuta shangazi bustanini, ameinama juu ya mboga zake.

"Shangazi, uliingia ndani sasa hivi?"

"Mimi? Tangu asubuhi niko na mboga zangu," alijibu shangazi, bila kuinua uso.

Kesho yake sauti ilirudi. Haikuanza upya. Ilianza pale ilipoachia. Siku ya tatu ikaendelea mbele. Bina alilala akiwa amevuta blanketi hadi kidevuni, akisikiliza. Maneno yalipita bila maana: "mwom-baji", "fo-mu", "a-la-ma". Hakuyafuata maneno. Alichofuata ni safari ya sauti kushuka ukutani. Karatasi ya kwanza ikaisha. Ya pili ikaanza. Kazini wenzake walimwuliza mbona amekonda, naye akasema ni baridi. Angesema nini? Mzuka unaosoma ukuta wako ukimaliza, hakuna tena kitu kati yako nao.

Ijumaa, sauti ilibadilika. Haikusitasita. Ilisoma upesi na kwa usawa, kama karani mahakamani, ikashuka karibu karatasi yote ya tatu. Ilisimama mahali pa chini, kimo cha kitasa cha mlango. Kisha kimya. Bina aliona kitasa kikitikisika kidogo, au alidhani ameona.

Ijumaa ile hakupata usingizi. Jumamosi na Jumapili hakuna kilichosikika. Jumatatu mchana alishindwa kuvumilia. Alitaka kujua ni maneno mangapi yamebaki. Alifungua mlango, akapiga magoti mbele ya ukuta, akaanza kusoma kutoka chini. Chini ya neno la mwisho alilosikia Ijumaa, mistari minne tu ilikuwa imebaki. Ilitaja namba ya simu na saa za ofisi. Macho yake yakapanda juu, mstari baada ya mstari, mpaka yakakwama.

"Kukubaliwa chuoni si kukubaliwa katika programu ya uuguzi. Mwombaji anapaswa kujaza fomu ya pili, pamoja na hati za alama na matokeo ya mtihani wa kuingilia. Fomu ipokelewe kabla ya saa kumi na moja jioni, tarehe mosi Februari. Maombi yatakayochelewa hayatafunguliwa."

Siku ile ilikuwa tarehe nne Februari.

Nyuma yake sakafu ililia. Bina aligeuka akipiga yowe. Shangazi Hepsiba alikuwa amesimama katika ujia, miwani mipya puani, kitabu cha alfabeti mkononi.

"Ni wewe!" Bina alisema.

Shangazi aliinamisha kichwa. "Verdell Capers anatufundisha kusoma kanisani, kila Jumanne. Miaka sabini na minne natia dole gumba, Bina. Niliona haya. Nikasema nitajizoeza ukutani wakati umelala. Ile siku nilikudanganya, Mungu anisamehe."

"Basi ulisoma haya yote! Mbona hukuniambia?"

"Maneno nilikuwa nayaokota moja moja, mwanangu. Maana ilikuwa haijanifikia. Na wewe ndiwe uliyesema ni maneno ya ofisi tu."

Bina aligusa mstari wa chini kwa kidole. Kisha akasema, "Lakini Ijumaa ulisoma vizuri mno."

"Ijumaa ipi?"

"Hii iliyopita. Ulifika mpaka hapa chini."

Shangazi alivua miwani. "Ijumaa sikuwapo hapa. Verdell alinipeleka mjini kwa daktari wa macho kuchukua miwani hii. Tuliondoka wewe ukirudi kutoka kazini, tukarudi jioni. Mimi sijafika karatasi ya tatu."

Wote wawili waliutazama ukuta. Ukungu ulisukuma dirisha. "Chukua koti," shangazi alisema. "Twende kwa Verdell."

Bi Verdell Capers alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na sita kabla ya kustaafu. Aliwakaribisha jikoni, akawapa supu ya bamia, akasikiliza hadi mwisho. La Ijumaa hakulitolea neno. La barua alilitolea maneno mengi.

"Bina, umeruhusiwa kuingia uani, ukadhani umekwisha keti mezani. Chuo cha jamii humpokea karibu kila aliyemaliza sekondari. Mlango huo ni mpana. Programu ya uuguzi ni mlango mwingine, nao ni mwembamba. Mwaka jana waliomba watu mia mbili. Viti ni arobaini."

"Nikienda kuwalilia?"

"Lia hapa, supu ipo. Kule tarehe ni tarehe. Sasa niambie, anatomia ulisoma lini, na ulipata nini?"

"Nilisoma miaka minne na nusu iliyopita, kabla mama hajaugua. Nilipata C."

Bi Verdell alitikisa kichwa. "Chuo chetu hakihesabu alama za sayansi zikizidi miaka mitano. Mwakani zako zitakuwa zimekufa. Utarudia."

"Kurudia anatomia yote?"

"Yote, toka mfupa wa kwanza. Nawe ushukuru. Viti hugawiwa kwa pointi. C ina pointi chache, A ina nyingi. Mtihani wa kuingilia una pointi, nao ni wa kusoma, hesabu, sayansi na lugha. Cheti chako cha kuhudumia wagonjwa kina pointi pia, ukiambatisha nakala. Watu hukisahau nyumbani, wakakosa kiti kwa pointi moja."

"Nianzie wapi?"

"Kesho nenda kwa mshauri wa wanafunzi wa uuguzi, si kwa mshauri mwingine. Mwombe karatasi ya masharti ya mwaka huu. Usitumie ya mwaka jana wala ya rafiki yako, maana masharti hubadilika, na kila chuo kina yake. Kadi ya chanjo anza kuitafuta sasa. Fomu usingoje siku ya mwisho. Na ukipeleka kitu, dai risiti yenye mhuri."

Shangazi aliuliza, "Na kanisani? Walimpigia makofi."

"Atasimama mwenyewe aseme," alijibu Bi Verdell. "Uongo ambao hukuukusudia bado unakaa masikioni mwa watu."

Jumapili Bina alisimama. Alisema, "Niliwaambia nimeingia. Sikuingia. Sikusoma barua yangu hadi mwisho." Hakuna aliyecheka. Wazee wa kanisa walishauriana, wakampa adhabu: mwaka mmoja, Machi hadi Machi, kila Jumanne, amsaidie Bi Verdell katika darasa la kusoma, asikose hata mara moja. Jina lake liliandikwa katika daftari la mahudhurio. Bina aliona aibu, lakini alikubali.

Mwaka huo haukuwa mwepesi. Alihamia zamu ya mchana, akasoma jioni. Alifanya mtihani wa kuingilia mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza hesabu ilimwangusha. Mnamo Desemba ulifika mtihani wa mwisho wa anatomia. Katika chumba chenye baridi, juu ya kitambaa cheusi, ilipangwa mifupa ya mkono wa mtu, toka kifundo hadi vidole.

"Ni ya kweli?" Bina alimwuliza mwalimu.

"Alikuwa mama mmoja. Aliacha wosia kwamba mwili wake ufundishie. Taja."

Vidole vyeupe vilielekea kwake, kama vya mtu anayeomba mkono. Bina aliomba ruhusa kimoyomoyo, akaanza kwenye kifundo. Alitaja mmoja baada ya mwingine, mpaka ishirini na saba. Mara moja tu ulimi ulikwama, na hapo alihisi, wala hajui kwa nini, kwamba yule mama alikuwa akingoja kwa subira. Alipata A.

Tarehe tisa Januari alipeleka fomu kwa mkono wake, pamoja na hati za alama, matokeo ya mtihani na nakala ya cheti. Akadai risiti. Karani akaipiga mhuri.

Mwezi Machi barua ilifika. Ilikuwa Jumanne, nayo ilikuwa Jumanne ya mwisho ya adhabu. Bina hakuifungua njiani. Aliipeleka darasani, akampa shangazi.

Shangazi Hepsiba alisimama mbele ya watu wazima kumi na mmoja, akavaa miwani. Alisoma polepole, lakini hakuruka neno. Alisoma kwamba Bina ni wa kumi na saba katika viti arobaini. Makofi yalipotaka kuanza aliinua mkono. "Ngojeni! Haijaisha." Akaendelea. Alisoma kwamba kiti kikubaliwe kwa maandishi katika siku kumi, la sivyo kitapewa anayefuata. Alisoma kuhusu chanjo, cheti cha huduma ya kwanza na uchunguzi wa polisi, na tarehe ya kila kimoja. Alisoma mpaka namba ya simu na saa za ofisi.

Bina alitia sahihi pale pale, juu ya meza ya darasa.

Bi Verdell alifungua daftari la mahudhurio. Alihesabu Jumanne zote kwa ncha ya kalamu, kutoka ya kwanza hadi ile ya siku hiyo, na kila moja ilikuwa na alama yake. Kisha akapiga mstari chini ya jina la Bina Chisolm.

"Umelipa," alisema.