Saksafoni Tatu na Kimya cha Mwanarusi

Duka la ala za muziki la Bwana Abdulwahab pale Ukunda, Ijumaa kabla ya adhuhuri, lilikuwa limefurika utadhani spika zinagawiwa bure. Swabir alipenya katikati ya mabega ya watu, shati la maua la bendi ya hoteli limemganda mgongoni, akafika kaunta na kutoa shida yake.

"Nataka saksafoni ya tenor. Mpya, lakini yenye sauti ya kizamani."

"Yaani wataka bibi arusi wa miaka ishirini mwenye kikohozi cha nyanya yako."

"Hicho hicho kikohozi, Bwana Abdulwahab."

Watu wakacheka, lakini shida ilikuwa ya kweli. Saksafoni aliyoachiwa na babu yake, aliyepiga dansi Mombasa enzi hizo, chumvi ya bahari ya Diani ilikuwa imeila hadi vifuniko vya matundu havifungi. Sauti yake ilikuwa pana, ya moshimoshi, na pumzi ya mpigaji ilisikika kando ya kila noti. Mpya zote alizojaribu zililia kama honi ya boda.

Abdulwahab akampa tatu na kumwelekeza chumba cha nyuma. "Jaribu huko. Kuna mwalimu anajaribu filimbi za wanafunzi. Na mfanye haraka, leo Ijumaa."

Kuta za chumba hicho zilikuwa zimezibwa kwa magodoro na trei za mayai, maana msikiti ulikuwa ukuta kwa ukuta. Hata mlango ulikuwa umevishwa godoro. Ndani, juu ya kigoda, katika buibui jeusi na mtandio wa zambarau, filimbi thelathini za plastiki mapajani, alikuwa ameketi Mwanarusi.

Miezi mitatu hawakuwa wamesemezana, wao ambao zamani walikuwa wakimaliza chaji mbili za simu kwa siku moja. Swabir akageukia saksafoni zake. Mwanarusi akainamia filimbi zake. Hakuna aliyepuliza, hakuna aliyekohoa.

Abdulwahab, kule dukani, akatega sikio. Hakusikia kitu. Akadhani wameshatoka, akasukuma komeo la nje. Kwacha! Kisha mlango mkubwa wa chuma ukateremka kwa kishindo.

"Bwana Abdulwahab!" Swabir alipiga kelele. Magodoro yakaimeza.

"Ametufungia," alisema Mwanarusi.

"Miezi mitatu, na hata salamu hakuna."

"Kaa mbali nami. Watu wa msikitini wakitukuta humu wawili peke yetu, nitafundisha wapi tena?"

"Nikae wapi, darini?"

Simu zao zote mbili hazikuwa na mtandao. Joto lilipanda kama la tanuri la mkate, na magodoro yakaanza kutoa harufu ya jasho la watu wasiowajua. Ukutani hotuba ya Ijumaa ilisikika kama mvumo wa nyuki. Kupuliza saksafoni wakati wa hotuba? Hata Swabir, pamoja na utani wake wote, alikuwa na mpaka.

Mwanarusi hakuacha kuitazama simu yake.

"Wamngoja nani, malaika?"

"Ami Boga, walii wangu wa ndoa. Nimeposwa. Mposaji ni mwenye malori wa Lunga Lunga." Akapangusa jasho juu ya mdomo. "Sala ikiisha Ami atanipigia kutoka Msambweni. Nikikataa, nimwambie. Nikinyamaza, nimeridhia, na anawapa neno wazee wao papo hapo."

Swabir akaziweka saksafoni chini. "Na ulipanga kumjibu nini?"

"Nilipanga nisishike simu."

"Hongera. Yeye unamnyamazia kwa kukubali, mimi ulininyamazia kwa kukataa."

Filimbi zikamwagika sakafuni. "Nilikukataa lini?"

"Nilikuuliza kwenye simu, Rusi, utaolewa nami? Kimya! Nikahesabu hadi thelathini, nikakata."

"Nilinyamaza kwa haya, we mwana! Mtoto wa kike akiulizwa ndoa akanyamaza, si ameridhia? Hukufunzwa kwenye chuo cha Kurani?"

"Nilifunzwa! Lakini hiyo ni mbele ya walii, si kwenye laini inayokatikakatika!"

"Nami nikangoja washenga wako. Wiki. Mwezi. Mama alifua leso za kuwapokelea mara mbili."

Kisha Mwanarusi akaruka juu ya kigoda, akainua simu hadi ikagusa dari. Mtandao haukuja. Kile kimya alichokipanga mwenyewe sasa kilikuwa kinamwoza.

Ukutani imamu akatoa salamu. Sala imekwisha.

"Piga, Swabir! Piga chochote!"

Swabir akatoa mfukoni kipulizio chake mwenyewe cha saksafoni, akakichomeka kwenye saksafoni iliyokuwa karibu, ile isiyopakwa vanishi, ya kahawia kama sufuria kuukuu. Akapuliza. Sauti ikatoka pana, ya moshimoshi, pumzi kando ya noti. Mwanarusi akafumba macho.

"Ndiyo yenyewe. Ile uliyokuwa ukinipigia kwenye simu."

"Ndiyo yenyewe," alisema Swabir, machozi yakimlenga.

"Nzuri, lakini haifiki hata mlangoni! Chukua ile ya dhahabu, labda italia kama honi!"

Mwanarusi akalibandua godoro la mlangoni kwa kucha. Swabir akahamishia kipulizio kwenye ile ya dhahabu, akaielekeza kwenye ufa na kuiliza hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Mwanarusi akatia filimbi mbili mdomoni kwa mpigo.

Komeo likafunguka. Abdulwahab na kanzu yake, nyuma yake nusu ya safu ya mbele ya msikiti.

"Astaghfirullah! Mlikuwamo?"

Mwanarusi alipita katikati ya kanzu mbio hadi barabarani, na simu ikalia mkononi. Swabir akamfuata, ya dhahabu ameiacha kigodani, ya kahawia ameikumbatia kama mtoto.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Nimepiga mara tatu, kimya. Wazee ninao hapa, ndio nafungua mdomo."

"Ufunge, Ami! Samahani, Ami. Simtaki."

Barabara nzima ikageuka.

"Lahaula! Kuna mwingine?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Swabir, achekeshaye hoteli nzima kabla ya supu, akaipokea simu kwa mikono miwili.

"Kijana, wamtaka mwanangu?"

Mdomo ukafunguka. Ulimi ukaganda. Jasho likamtiririka hadi kidevuni, na wenye kanzu wote wakimtazama.

"Rusi!" sauti ya Ami Boga ilivuma. "Mbona huyu kanyamaza?"

Mwanarusi akaichukua simu, akarekebisha mtandio.

"Ameridhia, Ami."