Pete Mbili za Ndege Mmoja

Kwa siku tatu mfululizo Karani aliwahesabu ndege wake saa ya mapumziko, na kwa siku zote tatu sauti zilizidi kwa moja.

Saa ya mapumziko ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua linapochoma bati la ua. Hapo alifunika matundu yote kwa mashuka meupe, kisha akasimama mlangoni kuwasikiliza kasuku wake wanavyotulia. Kasuku anayejiandaa kusinzia husaga mdomo, kr, kr, kr, kama mtu anayekwangua sufuria kwa kijiko. Kila mmoja ana namna yake, na Karani aliwajua wote kumi na wanane. Wa kumi na tisa hakumjua. Tena huyo hakuwa kwenye matundu. Alisaga mdomo upande wa pili wa ukuta, kwenye chumba alicholala mtoto.

Karani halikuwa jina lake. Mumewe, fundi wa friji, ndiye aliyemwita hivyo kwa utani, maana hakuna kilichotokea nyumbani mle kisiandikwe. Alirithi daftari la marehemu baba yake, lenye jalada gumu jeusi. Kurasa za mbele zilikuwa za ndege: namba ya pete, siku ya kuanguliwa, rangi, baba, mama. Kurasa za nyuma zilikuwa za ukoo, kwa mpangilio uleule, isipokuwa pete na rangi. Mzee aliacha sheria mbili tu. Namba haitolewi mara mbili. Na mstari hukatwa kwa wino mwekundu pale tu kiumbe anapotoka mikononi mwao asirudi tena; asiyekatwa ni wa nyumbani.

Ndege aliyeleta hayo alianguliwa miezi mitano kabla. Siku ya kumi, siku ya kuvishwa pete, Karani alimchukua kiganjani akaona vinyoya vyake laini ni vya njano upande wa kulia na vyeupe upande wa kushoto, na mpaka kati yake umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Kwa kasuku wa aina yake, wale wadogo wenye mkia mrefu, njano huota kijani na nyeupe huota bluu. Alikuwa hajawahi kuona vyote kwa kifaranga mmoja, na hata daftari la baba halikuwa na kitu kama hicho.

Alimpeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari alimgeuzageuza akatabasamu. Akaeleza kwamba mbegu mbili zilizokuwa ziwe vifaranga wawili ziliungana mwanzoni kabisa zikakua kuwa mwili mmoja. Hutokea, ni nadra, na wala si ugonjwa. Ni kama ndugu wawili wanaoishi ndani ya ngozi moja. Karani akauliza, kama ni ndugu wawili, si inabidi waandikwe wawili? Daktari akacheka akamuuliza, akifa mmoja, atazika nusu?

Lakini Karani hakuwa mtu wa kuandika uongo. Aliporudi nyumbani aliandika mistari miwili. Arobaini na moja, kijani, mguu wa kulia. Arobaini na mbili, bluu, mguu wa kushoto. Akakusanya vidole vya kifaranga, akamvisha pete mbili. Pete za ndege hazina maungio. Huingia mguu ukiwa bado mwembamba, na mguu ukishanenepa hazitoki tena ila kwa kukatwa.

Ndege akakua. Majirani walikuja kumtazama, kijani huku, bluu kule, mkia umegawanyika katikati. Mama mkwe peke yake hakumpenda. Alisema akipita mbele ya tundu hajui amsalimie nani.

Siku ya nne ya ile sauti ya ziada, Karani alifunua shuka akakuta ndege ni kijani kitupu. Hakuna nyoya la bluu mwilini wala kwenye trei ya chini. Mguu wa kulia ulikuwa na pete yake. Wa kushoto ulikuwa mtupu, na ngozi yake haina hata mkwaruzo. Alichekecha mchanga wote wa trei kwa chujio la chai. Mumewe alisema labda pete imechomoka. Karani alijua kwamba hata yeye fundi hakuamini alichosema.

Ndani ya nyumba pakaingia harufu ya manyoya yaliyoungua, yamechanganyika na maziwa. Ilikuwa kali zaidi pembeni ya kitanda cha mtoto.

Mtoto waliyemwita Tone alikuwa na miezi kumi, mzaliwa wao wa kwanza, aliyepatikana baada ya miaka tisa ya kungoja. Alikuwa na tabia moja iliyomyeyusha kila mtu: akilazwa wakati hataki, hainui mikono yote miwili kama watoto wengine. Huinua wa kushoto tu, akafumba na kufumbua ngumi, taratibu, kama anayeita mtu wa mbali. Na wiki ile ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusema ba-ba-ba, mara tatu, halafu anajicheka.

Siku ya sita Tone alilala huku jicho la kulia limefumba na la kushoto liko wazi. Karani alipunga mkono mbele ya lile jicho, nalo likamfuata. Siku ya saba alitabasamu kwa nusu ya uso. Siku ya nane alilia, na kilio kilikuwa na sauti mbili, moja ya Tone na nyingine kavu iliyochelewa kidogo nyuma yake, kama mtu anayejifunza wimbo kwa kufuatisha. Na siku ya tisa, akimwogesha kwenye beseni, Karani alipitisha sabuni kwenye mkono wa kushoto akahisi kitu cha baridi. Kwenye kidole cha mwisho kulikuwa na pete. Aliigeuza kwa ukucha akaisoma, ingawa alikwisha kujua. Arobaini na mbili.

Walimkimbiza zahanati. Njiani Karani aliushika ule mkono asiuachie, na walipofika mbele ya muuguzi akakunjua ngumi, na kidole kilikuwa kitupu. Muuguzi alitazama akaona alama nyekundu, akauliza ni pete gani wanayoisema, akawashauri mama apate usingizi. Walipovuka kizingiti cha nyumba yao pete ilikuwa pale pale, imebana kuliko mwanzo.

Mama mkwe ndiye aliyekwenda kumwita Mkunga. Huyu alikuwa mwanamke mtu mzima aliyestaafu kazi ya kuzalisha, na watu walijua kwamba kuna wageni wengine pia aliojua kuwatoa. Alikuja na mkoba wa mkononi na miwani, akanawa hadi viwiko kama aliyeitwa uzazini. Alimtazama Tone kwa muda mrefu, akaomba daftari.

"Wenzako huvamiwa na mgeni, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, kidole kikiwa kwenye ule mstari wa pili. "Wewe umemsajili. Kulikuwa na ndege mmoja, ukaandika kiumbe ambaye hayupo, ukampa namba, ukampa na pete. Kuna mmoja alikuwa anapita akitafuta nafasi. Akaikuta imeandikwa."

Karani aliuliza kama anaweza kutolewa.

"Anatoka. Lakini kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe nisikilize vizuri. Kwanza pete ikatwe, itoke kwenye mwili wa mtoto. Mimi nitasema 'sasa'. Hapo ndipo ukate mstari. Kwanza pete, kisha mstari. Umenielewa?"

Karani alirudia maneno hayo neno kwa neno. Katika nyumba nzima hakuna aliyekuwa na uwezo wa kukumbuka utaratibu kumshinda.

Walianza saa ya mapumziko. Mkunga alikaa kichwani pa kitanda akinong'ona maneno yake. Fundi alipiga magoti na kisu cha msumeno chembamba kama uzi, alichokatia mirija ya shaba, na Karani akakaa sakafuni, daftari mapajani, kalamu nyekundu imefunguliwa. Msumeno uligusa pete na ndege wote uani wakanyamaza kwa pamoja. Fundi alisaga, na unga wa bati haukutoka, akasaga tena, jasho likamdondoka puani, na kila msumeno ulipopita pete ilijifinya kidogo zaidi, mpaka kidole kikawa chekundu, kikawa cha zambarau, na Tone akalia kwa zile sauti mbili, na ile harufu ya manyoya ikajaa chumbani hadi mama mkwe akatoka akijiziba mdomo, na Karani, ambaye macho yake hayakuondoka kwenye kile kidole, alisikia sauti moja kati ya zile mbili ikianza kufifia, naye alizijua zote, akajua inayofifia ni ya mwanawe, na kidole kilikuwa sasa cheusi kama zabibu kavu, na Mkunga bado hajasema 'sasa', bado ananong'ona, bado amefumba macho, na mkono wa Karani ukateremka wenyewe kwenye karatasi ukakata mstari wa arobaini na mbili kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Pete ilidondoka, ikabiringika sakafuni, ikalala.

Harufu ilikatika kama mshumaa uliopulizwa. Tone alinyamaza. Kidole kikarudisha rangi. Akawatazama kwa macho yote mawili, akatabasamu kwa uso mzima, na Fundi akaweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda akalia bila aibu.

Mkunga aliinama akaokota pete. Aliigeuza karibu na miwani, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Hii haijakatwa," alisema.

Fundi alijibu kwamba alikuwa hajamaliza, imetoka yenyewe.

Mkunga akaliangalia daftari, na wino mwekundu uliokuwa haujakauka. "Nilisema nini kwanza?"

"Pete," alisema Karani.

"Na ulipokata, hiyo namba ilikuwa mwilini mwa nani?"

Karani alishika tena kalamu. Aliomba kwa kunong'ona aruhusiwe kuandika upya, mstari mpya, namba ileile, kwa mkono uleule.

"Namba hiyo umeshaitoa," Mkunga alisema. Alifunga mkoba wake, wala hakunawa. "Mimi hutoa wageni, mwanangu. Wenyeji wakitoka sijui kuwarudisha."

Tone anaendelea vizuri. Uzito unaongezeka, analala vyema, anakula anachopewa. Mama mkwe anasema mtoto ametulia, si kama zamani. Hainui tena mkono wa kushoto. Ba-ba-ba hajaisema tena, lakini Fundi anasema watoto huacha na kurudia, asihesabiwe siku.

Wiki ya pili baada ya Mkunga, Karani alipokuwa akitandaza mashuka juu ya matundu, yule ndege wa kijani, arobaini na moja, aliinua mguu wa kushoto usio na pete. Akafumba kucha. Akazifumbua. Taratibu, kama anayeita mtu wa mbali. Kisha akasema ba-ba-ba, akacheka.

Karani alimwita mumewe aje asikie. Fundi alisikiliza, uso ukamlegea kidogo, kisha akamshika mkewe bega.

"Ni kasuku, Karani," alisema. "Kuiga ndiyo kazi yake."

Na hakuna wa kumbishia. Kasuku huiga, hata Karani ameliandika hilo mara ngapi katika daftari. Hana la kumwonyesha daktari wala muuguzi wala mama mkwe. Ana ndege wa kijani wa kawaida kabisa, na mtoto mwenye afya.

Tundu lile halifunikwi tena. Kila mchana anamaliza yale mengine, anafika mbele ya lile na shuka mkononi, na mguu wa kushoto unainuka. Analiweka shuka chini. Anaingiza kidole katikati ya waya, na kucha zinakishika, zinakibana kwa nguvu zile za mtoto asiyetaka kuachwa peke yake. Anasimama hivyo mpaka saa ya mapumziko iishe. Nyuma yake, upande wa pili wa ukuta, mtoto mwenye meno manne anayasaga kabla ya kusinzia, kr, kr, kr, halafu ananyamaza, anasikiliza.